Wauguzi Tumeshiba Sifa, Sasa Tuhesabiwe Wagonjwa

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei, sisi wauguzi hukumbukwa. Hukatwa keki, hugawiwa fulana zenye maandishi ya kutupongeza, na mkubwa fulani kutoka makao makuu ya kaunti huja akasimama mbele yetu akatuambia kwamba kazi yetu si kazi kama kazi nyingine, bali ni wito. Tukiisha kupiga makofi, mkubwa huingia garini akaenda zake, nasi tulio na zamu hurudi wodini tukawakuta wagonjwa wale wale, wawili wawili kitandani, na yule mwenzetu mmoja tuliyemwachia wodi nzima akiitazama saa.

Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 25, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika wodi za wazazi za hospitali za umma huku Pwani. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba ninaandika mambo ya kuhadithiwa. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda hiki nimekilalia, na kunguni wake nawajua mmoja mmoja.

Sina ugomvi na neno wito. Mtu asiye na wito hawezi kuosha maiti saa kumi za alfajiri, akamfunga kidevu na kumnyoosha viungo, huku akimwita kwa jina lake na kumweleza anachomfanyia kana kwamba angali anasikia. Hilo halimo katika barua yoyote ya ajira, na bado nimewaona wenzangu wakilifanya usiku ambapo hapana wa kuwatazama isipokuwa Mola. Ninalolipinga ni namna neno hilo linavyotumiwa. Tukiomba glavu, tunakumbushwa wito. Mshahara ukichelewa hadi katikati ya mwezi unaofuata, tunakumbushwa wito. Wafanyakazi wengine wakidai marupurupu huambiwa kwamba serikali haina fedha; muuguzi akidai huambiwa kwamba hana huruma. Neno lililokuwa pambo letu limegeuzwa kitanzi.

Fauka ya hayo, neno hilo hufunika jambo ambalo wananchi wengi hawalijui, nalo ni kwamba uuguzi ni elimu. Wengi hudhani kuwa daktari ndiye ajuaye na muuguzi ndiye atumwaye. Hasha! Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache asubuhi kisha huenda kwa wengine wanaomngoja. Anayebaki naye mchana na usiku ni muuguzi. Na kazi ya huyo abakiye, ukiichungua sana, ni kuhesabu. Tunahesabu mapigo ya moyo, ambayo kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Tunahesabu pumzi za mtoto mchanga, tukijua kwamba zikipita 60 kwa dakika pana jambo. Tunahesabu matone ya dripu: lita moja ya maji itakiwayo kuingia mwilini kwa saa nane, kwa mpira utoao matone 20 kwa kila mililita, ni matone 42 kwa dakika, na hesabu hiyo muuguzi huipiga kichwani akiwa amesimama, mara nyingine gizani, kwa mwanga wa simu yake mwenyewe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa huhesabiwa ni mara ngapi tumbo limekaza katika kila dakika kumi, na moyo wa mtoto aliye tumboni husikilizwa kila nusu saa na kuandikwa katika chati, hata mstari wa chati ukianza kukengeuka tujue kwamba mambo yanakwenda mrama kabla mama mwenyewe hajajua.

Hiyo ndiyo fahari yangu. Si sare nyeupe, wala ile kofia tuliyoibana kwa pini zamani na ambayo wauguzi wa leo wameitupa, wala si saa ya kubandika kifuani, ingawa yangu bado ninayo na sitampa mtu. Fahari yangu ni kwamba naweza kusimama miguuni pa kitanda, nikamtazama mtu kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, nikajua kwamba huyu usiku huu hapaswi kuachwa peke yake.

Tarehe 12 Mei yenyewe ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Watu humkumbuka kwa taa aliyoishika akipita kati ya askari majeruhi kule Scutari wakati wa vita vya Crimea, na sisi tulipohitimu tuliwashiwa mishumaa kwa heshima ya taa hiyo. Ni picha nzuri. Lakini taa siyo iliyowatetemesha wakubwa wa jeshi la Uingereza. Kilichowatetemesha ni daftari lake. Bibi huyo alihesabu maiti, kisha mwaka 1858 akaonyesha kwa michoro kwamba askari waliouawa na maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Ningependa mkubwa atakayekuja kutukatia keki mwakani aambiwe jambo hilo kabla hajaitaja taa.

Sasa na niueleze usiku mmoja, kwa sababu bila ya usiku huo nisingeshika kalamu.

Kuanzia tarehe 1 Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulifanywa bure. Lilikuwa jambo jema na hadi leo nalitetea. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaona akina mama waliokwisha kujifungua wakizuiliwa hospitalini kwa majuma kadhaa kwa kukosa ada, wakila chakula cha wodi na kuficha nyuso. Lakini milango ilipofunguliwa wazazi walikuja kwa wingi, nasi wauguzi tukabaki wale wale. Mwaka huo huo huduma nyingi za afya zilihamishwa kutoka serikali kuu hadi kwa kaunti, na ikawa kila ofisi ikiulizwa kuhusu kuajiri wauguzi huionyesha ofisi nyingine kidole.

Usiku ninaousema ulikuwa wa mwaka 2014. Hospitali sitaitaja. Wodi ya waliojifungua ilikuwa na vitanda 24. Nilipokabidhiwa zamu nilihesabu wazazi 27 na watoto 28, kwa kuwa mmoja alikuwa na pacha. Mwenzangu wa zamu alikuwa ameitwa chumba cha kujifungulia, ambako nako mambo yalikuwa yamechacha, nikabaki mimi na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Baina ya saa sita na saa saba za usiku nililetewa wazazi wengine wanne waliojifungua muda si mrefu. Tukawa na 31.

Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba mama aliyejifungua sasa hivi atazamwe kila robo saa: mapigo yake, shinikizo la damu, mfuko wa uzazi kama umekaza, na damu inayotoka ni kiasi gani. Kazi hiyo ikifanywa ipasavyo huchukua dakika tano. Msomaji na anifanyie hesabu. Wazazi wanne, kila mmoja mara nne kwa saa, kila mara dakika tano. Jumla ni dakika 80. Saa ina dakika 60. Na bado sijawagusa wale 27 wengine, ambao miongoni mwao palikuwa na mmoja aliyepatwa na kifafa cha mimba na ambaye sindano yake haikuweza kungoja, na mtoto mmoja aliyekuwa akibadilika rangi kila alipojaribu kunyonya.

Nilikuwa nimemwinamia mtoto huyo, yapata saa nane na nusu, mama mmoja wa makamo aliponiita kutoka pembeni. Alikuwa amelazwa kitanda kimoja na mmoja wa wale wanne.

"Sista," akasema, wala hakupaza sauti, "huyu mwenzangu amekuwa baridi. Na godoro limelowa."

Nilipofunua leso niliona kilichonitosha. Binti mwenyewe alikuwa wa miaka 19 hivi, mzazi wa mara ya kwanza, na alikuwa akivuja damu kimya kimya kwa muda nisioujua. Mfuko wake wa uzazi ulikuwa laini kama donge la unga. Niliusugua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nikatafuta mshipa. Mwanafunzi nikamtuma mbio akalete oksitosini na amwite daktari, ambaye alikuwa chumba cha upasuaji na mzazi mwingine. Mshipa wa kwanza ulinipotea, wa pili ukakubali. Benki ya damu ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Nilikaa nimeukandamiza mfuko ule hadi mkono ukafa ganzi, nikimsemesha asilale. Nilimwuliza jina la mwanawe, akasema bado hajapewa. Saa kumi na moja shinikizo la damu likaanza kupanda.

Alipona. Siku ya tano alirudi kwao akiwa na mtoto mgongoni mwa mamake. Kabla hajaondoka nilimwuliza kwa nini hakuniita. Aliniambia kwamba aliona haya kwa kuwa amechafua shuka za serikali, na tena aliniona nina kazi nyingi.

Siku chache baadaye nilipokea barua. Ilinitaka nijieleze kwa maandishi katika muda wa siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu, kwa kuwa chati ya mgonjwa ilikuwa tupu kutoka saa saba na robo hadi saa nane na nusu. Hayo yalikuwa kweli. Sikuyakana wakati ule wala siyakani leo: kwa saa nzima na robo binti yule hakutazamwa na mtu. Kama angekufa, angekufa mikononi mwangu, na hapana idadi ya wagonjwa ambayo ingeniliwaza. Hiyo ndiyo sababu barua ile iliniuma. Iliuliza swali la haki, lakini ilimwuliza mtu mmoja tu. Haikuuliza ni nani aliyeipanga zamu ile, wala ni nani aliyeamua kwamba wodi ya vitanda 24 itoshe muuguzi mmoja. Nambari 31 haikutajwa popote.

Kwanza niliandika kurasa tatu za kujitetea, nikazichana. Kisha nikaandika ukurasa mmoja wenye tarakimu tupu: saa, kitanda, nilichokuwa nikifanya, na dakika nilizotumia. Nikaweka sahihi, nikapeleka. Majibu hayajaja hadi leo. Barua yenyewe, hata hivyo, ingali katika faili yangu, na mara mbili nilipofika mbele ya jopo la kupandisha watu daraja nilisomewa. Jibu langu halikuonekana.

Kuna jambo jingine kuhusu usiku ule ambalo nililielewa miaka mingi baadaye. Tumefundishwa kwamba damu ikizidi mililita 500 baada ya mama kujifungua ni hatari. Lakini damu iliyonywewa na godoro na leso nani ataipima? Ilikuwa ni kukisia kwa macho, na macho hudanganya, seuze macho ya mtu ambaye hajayafumba tangu alfajiri. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukiwahusu wanawake zaidi ya 200,000. Kiini chake kilikuwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, ambayo hutandikwa chini ya mama mara tu mtoto azaliwapo, ili damu ionekane ni kiasi gani. Nayo ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote hutolewa kwa pamoja badala ya kujaribiwa moja baada ya jingine. Uvujaji mkubwa wa damu na madhara yake ulipungua kwa asilimia 60.

Niliposoma habari hizo nilifurahi kupita kiasi. Hiyo si mashine ya mamilioni ya shilingi wala haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni plastiki na mistari, na wakunga na wauguzi ni miongoni mwa walioitumia na kuonyesha kwamba yafaa. Nilimwonyesha kila niliyekutana naye katika wodi, hata mfagizi. Lakini jioni yake nilipokuwa nikivaa sare nikafikiri kwamba plastiki hiyo nayo yataka macho ya kuitazama. Mistari haipigi kelele.

Hapa najua yupo msomaji anayeguna. Anaikumbuka siku alipofokewa na muuguzi mbele ya watu, au mkewe alipoambiwa katikati ya uchungu maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Simpingi. Wapo miongoni mwetu wenye ndimi za pilipili. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma kule Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Nilipoisoma hukumu hiyo niliona haya kwa niaba ya sare yangu. Nitasema wazi kwamba uchovu si hoja. Mtu akichoka hukosea hesabu, husahau, husinzia. Hayo ni makosa na yana chanzo chake. Kumpiga kofi mzazi aliye sakafuni ni jambo la namna nyingine, na mwenzetu afanyaye hivyo tusimkinge kwa jina la umoja. Kila wodi inamjua wake. Hata hivyo mahakama hiyo haikuwatazama wauguzi peke yao. Serikali nazo zililaumiwa kwa kutotimiza wajibu wao wa kugharimia huduma na kuzisimamia. Hakimu aliuliza lile swali ambalo barua yangu haikuuliza.

Watu wetu wana tabia ya kutusema mchana na kutubishia hodi usiku. Baniani mbaya kiatu chake dawa. Mtaani kwangu yupo jirani ambaye hukaa barazani akieleza jinsi wauguzi walivyo wavivu, na mjukuu wake akipandwa na homa saa tano za usiku humleta kwangu kabla hajavaa viatu. Simchukii. Huenda hata simlaumu. Mimi ndiye hospitali aliyo nayo karibu.

Niligoma mwaka 2017. Mgomo wa wauguzi ulianza tarehe 5 Juni ukaisha tarehe 2 Novemba, takriban miezi mitano, kwa sababu ya makubaliano ya mishahara na marupurupu yaliyokuwa yamefikiwa na hayakutekelezwa. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na sikuvunja sheria yoyote ya dhamiri yangu kwa kuitumia. Lakini nisiseme kwamba nililala vyema. Nilikuwa nikipita kwa matatu mbele ya lango la hospitali na kugeuza uso upande wa baharini. Anayedhani kwamba muuguzi hugoma kwa furaha hajawahi kuzungumza naye mwezi wa nne wa mgomo, wakati akiba imekwisha, mwenye nyumba anadai, na mama mjamzito wa jirani anamwuliza kwa upole, "Mtarudi lini, sista?" Watu waliumia katika miezi ile. Nalijua hilo. Waliotia sahihi makubaliano kisha wakayafungia kabatini nao walijue.

Halafu ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwaka huo nao tulisifiwa sana, tukaitwa majemadari wa mstari wa mbele, huku tukifua barakoa za kutupwa na kuzianika dirishani. Wapo wenzetu tuliowazika kwa haraka, jamaa zao wakiwa wamesimama mbali. Kufikia Desemba wauguzi katika kaunti kadhaa walikuwa wamegoma tena, wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Muuguzi asiye na bima ya afya! Nalirudia jambo hilo kwa sababu nilipomweleza mjomba wangu alidhani natania.

Na sasa tunaondoka. Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Baadaye mwaka huo waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 pekee waliofaulu. Nchi nzima ilicheka. Nilitamani waliocheka waje wodini kwetu wamwone muuguzi akimhoji mgonjwa wa kwanza kwa Kigiriama, wa pili kwa Kidigo, wa tatu kwa Kisomali cha kubahatisha, kisha akaiandika ripoti nzima kwa Kiingereza hicho hicho alichoanguka. Lakini hayo ni yangu, na mtihani ni mtihani.

Yule mwanafunzi niliyekuwa naye usiku ule yuko huko Uingereza sasa. Hunipigia simu Jumapili. Majuzi, baada ya shikamoo na habari za watoto, alinieleza kwamba wodini kwao mambo yamekuwa magumu: wamepungukiwa na watu, na yeye alipewa wagonjwa wanane, hata wenzake wakapeleka malalamiko kwa wakubwa.

"Wanane kwa chumba?" nikamwuliza.

"Wanane wangu mimi, sista," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, tukacheka wote wawili kicheko ambacho hakikuwa na furaha nyingi ndani yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi wapatao milioni 5.9. Ajabu ya nchi yetu ni kwamba tunao vijana waliosomea uuguzi, wakafaulu mitihani ya Baraza la Wauguzi, wakasajiliwa, na wako nyumbani. Mmoja ninamjua anauza mitumba sokoni, na siku moja nilimkuta akimpima shinikizo la damu mteja wake juu ya mrundo wa suruali. Wengine waliajiriwa kwa mikataba mwaka 2020, na mwaka 2025 walikuwa wakikesha nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Kwa hivyo tusiambiwe kwamba wauguzi hawapatikani. Wanapatikana, hawaajiriwi.

Mimi mwenyewe nilisoma tena nikiwa kazini. Nilianza kwa cheti, kisha mpango wa masomo kwa njia ya kompyuta, ulioanzishwa mwaka 2005 na shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi, ukaniwezesha kupata diploma bila ya kuiacha wodi. Nilijisomea usiku baada ya watoto kulala. Diploma niliipata, mshahara wa diploma niliungoja miaka sita. Mei mwaka 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya uuguzi yenye thamani ya dola 250,000. Usiku huo tuliitazama habari hiyo kwenye simu ya mwenzetu katika chumba cha dawa, wauguzi watatu tumesongamana, na mmoja wetu akalia. Hapana aliyemwuliza analia nini.

Ombi langu kwa wakubwa wa kaunti ni dogo kuliko keki. Katika kila kitabu cha ripoti ya zamu paongezwe mstari mmoja: wagonjwa ni wangapi, wauguzi ni wangapi. Mstari huo utiwe sahihi na mkuu wa zamu, na kila mwisho wa juma nambari hizo zipelekwe kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo langoni, mahali ambapo jamaa za wagonjwa hungojea saa ya kuwatazama wagonjwa wao. Jambo hilo halihitaji bajeti. Na siku ambapo muuguzi ataandikiwa barua ya kujieleza, nakala ya mstari wa zamu hiyo iambatanishwe na barua hiyo, asomewe yote mawili.

Mimi sikungoja. Tangu mwaka 2014 nina daftari la kurasa 200 ambalo hukaa ndani ya mkoba wangu, na sasa ni la tatu. Kila zamu huandika mstari mmoja. Wiki iliyopita muuguzi mgeni, msichana aliyehamishiwa kwetu mwezi huu, aliniona nikiandika akaniuliza ni la nini. Nikampa alisome. Alilipekua kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu, akauandika mstari wa usiku huo kwa mkono wake: wazazi 29, watoto 30, wauguzi 2.

Nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi.